Chombo Hakirudi Kitupu

Nilipokuwa mwalimu, kitabu tulichopewa kilisema kwamba utamaduni ni yale yote ambayo mtu hufundishwa na watu wake, hazaliwi nayo. Na jamii ni watu wanaoishi pamoja kwa kufuata hayo waliyofundishwa. Nilifundisha hivyo hivyo, neno kwa neno, maana inspekta alipenda neno kwa neno. Lakini somo lile nilikuwa nimelijua tangu nikiwa msichana, na sikulijua kwa kitabu. Nililijua kwa harufu ya nguruwe wa msitu ndani ya chombo cha maziwa. Walioligharamia ni wengine, mimi nilibaki nalo bure. Kwa hiyo nikilikumbuka, nashukuru kwanza, halafu ndipo nacheka.

Tulikaa upande wa Bihambwe, mlimani, baba akilima maharage na mihogo. Mama yangu alikuwa binti wa Walikale. Baba alimwoa huko msituni alipopelekwa kufanya kazi ya barabara ya Leta, yaani serikali. Mwaka wa habari hii mama alijifungua mtoto wa kike, na siku ya nne homa ikamwua. Sitaki kulieleza sana jambo hilo. Tulimzika, tukarudi nyumbani, tukakuta mtoto ana njaa. Jirani mmoja alimnyonyesha siku chache, lakini yeye mwenyewe alikuwa na mapacha, na maziwa hayakutosha.

Juu yetu kidogo walikuwa wamehamia mume na mke kutoka Rwanda, na ng'ombe watatu. Leta ndiyo iliyowaleta. Katika wale watatu, mwenye maziwa alikuwa mmoja tu. Yule mama alisikia habari yetu, akashuka mwenyewe na chombo kirefu cha mti, chenye mfuniko uliosukwa kwa nyasi, cheusi na kizuri kwa moshi. Akampa baba, akasema maziwa hayo ni ya mtoto, yatakuwapo kila asubuhi. Tukimaliza, tukirudishe chombo vile kilivyo, tusikioshe kwa maji. Hakusema zaidi. Kwao hakuna mtu mzima asiyeyajua yaliyobaki.

Mimi ndiye niliyekishusha chombo na kukipandisha. Mtoto akaanza kuwa na mashavu. Nilimpenda sana yule mama wa ng'ombe, ingawa mumewe nilimwogopa, maana alikuwa mrefu na maneno yake yalikuwa machache.

Mwezi wa pili akafika koko, mama wa mama yangu. Alitembea siku nne kutoka Walikale, kitunga mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Koko aliomba jembe kabla hajanywa maji. Alikuwa mfupi, mkali, na mdomo alikuwa nao. Alimlilia binti yake kaburini mpaka sauti ikakatika, kisha akafuta uso na kuuliza mjukuu wake anakula nini. Nikamweleza habari ya maziwa. Akauliza tunampa nini huyo mama. Nikasema hatumpi kitu, tunarudisha chombo chake tu.

"Kitupu?"

Nikasema ndiyo. Aka! Nilisemwa siku ile kama mwizi wa kuku. Kwa watu wake, chombo cha jirani kilicholeta chakula hakirudi kitupu. Hata ikiwa ni ndizi moja, unaiweka. Anayerudisha chombo kitupu anamwambia mwenzake kwamba hataki tena, urafiki umekwisha. Koko alifungua kitunga chake. Ndani kulikuwa na nyama ya nguruwe wa msitu, aliyoikausha mwenyewe juu ya moshi na kuibeba siku zote nne bila kuonja, aje ampikie mkwe wake. Akachagua vipande vinene vinene. Halafu, kwa kuwa hakuwa mjinga, akaniuliza kama watu wale wanaila nyama hii.

Nilikuwa na miaka kama kumi na miwili, umri wa kujua kila kitu. Nikasema wanaipenda sana. Ukweli ni kwamba sikuwahi kuwaona wakila nyama ya aina yoyote.

Asubuhi nilipanda mlima nikiimba. Yule mama alikipokea chombo kwa mikono miwili, akasikia uzito, akatabasamu, akafunua. Lile tabasamu lilikaa usoni kidogo kama mgeni asiyejua atokee wapi. Kisha akakiweka chombo chini, akarudi nyuma, akamwita mumewe. Mumewe alichungulia ndani, akaniangalia, akasema maneno ya Kinyarwanda ambayo sikuyaelewa, na haikuwa lazima niyaelewe. Kwao nyama na maziwa havikutani hata tumboni mwa mtu kwa siku moja, sembuse ndani ya chombo, tena nyama yenyewe ya nguruwe. Ng'ombe ambaye maziwa yake yametendewa hivyo hukauka, au chuchu zinapasuka, au anakufa. Nao mwenye maziwa walikuwa na huyo mmoja tu. Chombo kilitupwa porini pamoja na nyama yake. Niliambiwa niende zangu, nisirudi.

Maziwa yakakatika siku ile. Tulimpa mtoto uji mwepesi wa mtama, akatapika. Tukampa maji ya ndizi, akahara. Muganga wa dispanseri alituambia tutafute maziwa. Baba alipanda kuomba msamaha. Yule mume alimsimamisha penye mlango wa zizi, akamwambia kwa heshima kwamba hana ubaya naye, ila mtu hawezi kumweka ng'ombe wake wa pekee mwenye maziwa kwenye hatari mara mbili. Siku ya tatu mtoto aliacha kulia, na hapo ndipo tulipoogopa kweli.

Watu wa kijiji, wao walikuwa na maneno. Kuna waliocheka watu wa msituni wanaotia nguruwe katika maziwa, na kuna waliosema wenye ng'ombe hawana roho. Koko aliwatukana wote. Ametoa nyama ambayo hata mkwe wake hajaionja, na wao wanaitupa porini? Nilishindwa kuvumilia, nikamwambia kwamba nilimdanganya, kwamba sikujua kama wanaila au hawaili. Nilijiandaa kwa fimbo. Koko akasema mimi ni mtoto, kosa ni la mtu mzima aliyekuwa ugenini akamwuliza mtoto badala ya kumwuliza mwenye nyumba. Sijasahau alivyonibebea lile kosa. Kisha akamfunga mdogo wangu mgongoni, tukapanda asubuhi ile ile.

Hakuingia ndani ya ua. Alikaa chini, penye mlango wa zizi, juu ya mavi makavu ya ng'ombe, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kumkaribia ng'ombe. Yule mama akatoka. Kiswahili cha koko kilikuwa cha sokoni, lakini siku ile kilimtosha.

"Mama," alisema, "kwetu chombo cha muntu hakirudi kitupu. Nilikuwa nakushukuru. Sikujua kama ninakutukana. Unifundishe, mimi niko mutoto hapa kwako. Lakini huyu usimufundishe kwa njaa. Yeye hajakosa kitu."

Yule mama akachuchumaa mbele ya koko, akaanza kusema polepole. Alisema walipofika kwenye mlima huu, wanawake walimletea sombe, mboga ya majani ya mihogo, yenye mawese, na harufu ikamtapisha, akaimwaga mbele ya macho yao. Wote walikasirika, wakaondoka. Alibaki mmoja, akacheka, akakaa naye jikoni siku ile, na kesho yake, na kesho kutwa, mpaka akajua kuila. Huyo mmoja alikuwa binti wa koko.

Mimi sikuwa nikilijua jambo hilo. Mama hakuwahi kulisimulia. Pengine kwake halikuwa kitu cha kusimulia. Koko alifunika uso kwa kitambaa chake na kulia, na yule mama akamfungua mtoto kutoka mgongoni mwake, akaingia naye nyumbani. Tukamfuata. Akachukua kijiko na maziwa ya kunywa yeye mwenyewe yaliyobaki asubuhi ile.

"Na ng'ombe?" koko aliuliza, maana sasa na yeye alikuwa anamwogopea.

"Ng'ombe tutamuona kesho," yule mama alijibu. "Mutoto hawezi kungoja kesho."

Mdogo wangu alimeza kijiko cha kwanza kwa shida. Cha pili kikaenda. Cha tano alikuwa akikifuata kwa mdomo, na maziwa yakaisha. Hapo mlango ukawa giza, tukamwona mume amesimama. Alimwangalia mke wake, akamwangalia koko, akamwangalia mtoto anavyofungua mdomo na kufunga bila kupata kitu. Akageuka, akatoka, nami nikajua amekwenda kuchukua fimbo.

Alikuwa amekwenda kumfunga ndama. Wao hukamua asubuhi na kumwachia ndama fungu lake, na fungu hilo hawaligusi, maana ng'ombe wa kesho ni huyo ndama. Nilimwona kwa mlango akichuchumaa chini ya ng'ombe wake wa pekee mwenye maziwa, akilikamua fungu lile mpaka mwisho. Akaingia na chombo kipya. Hakumpa mke wake. Alimpa koko yangu, kwa mikono miwili, akakaa kwenye kigoda kumwangalia mtoto anavyokunywa.

Ndama alilia nje asubuhi ile yote. Mdogo wangu alikuwa amelala.