Kitufe Chekundu cha Mkufunzi

Mtu aliyenifundisha PLC, kompyuta ndogo ya kuendeshea mitambo, alikuwa mjinga. Wenzangu wa karakana husema nimsamehe, kwamba mashine ile ilikuwa mpya kwa kila mtu. Kwangu pia ilikuwa mpya, lakini sikujifanya ninaijua.

Ilikuwa miaka ya themanini, katika kiwanda cha mafuta ya pamba mjini Shinyanga. Nilikuwa fundi umeme, mwanamke peke yangu kati ya wanaume watano. Kiwanda kilipata msaada wa sanduku la kijivu, si kubwa kuliko debe, la kuendeshea mikanda inayobeba mbegu za pamba. Kazi iliyokuwa ikifanywa na kabati zima la nyaya na rilei, zile swichi zinazovutwa na umeme, sasa ingefanywa na maagizo yaliyoandikwa ndani ya sanduku hilo. Ukitaka kubadili mwendo wa kazi, unabadili maagizo tu, waya huugusi. Tukaambiwa mkufunzi anakuja kutoka Dar es Salaam. Alikuwa amesoma ng'ambo wiki sita, na wiki hizo alizitaja kuliko mtu anavyowataja wanawe.

Alifika na kaunda suti iliyopigwa pasi mpaka inang'aa, kalamu nne mfukoni.

"Dada, wewe ndiye karani?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Ni fundi umeme, ndugu mkufunzi."

"Vizuri. Basi utatusaidia kufuta ubao."

Wenzangu walicheka. Nami nikaufuta ubao, siku ile na siku zote zilizofuata.

Majuma mawili alitufundisha bila kuwasha mashine. Akiulizwa swali alijibu, "Hilo tutalifikia." Baadaye niligundua kwamba kila jioni alisoma kurasa mbili za kitabu cha maelekezo, na asubuhi akatumwagia hizo hizo mbili. Lakini kitabu chenyewe kilikuwa kizuri, kizuri kuliko yeye, na michoro yake niliielewa. Ilikuwa kama ngazi: nguzo mbili pembeni, vipandio katikati, na kila kipandio kinauliza, hapa kuna umeme? Ukiwepo, endelea; ukifika mwisho, washa mota. Nilichora ngazi hizo nyuma ya fomu za ghala mpaka mtunza ghala akanikemea.

Siku ya kuwasha mkanda meneja alikuja kushuhudia. Mkufunzi akabonyeza kitufe cha kijani. Kimya. Akabonyeza tena.

"Vumbi la Shinyanga," akasema. Kisha, "Nani amefunga hizi nyaya?"

"Mimi," nikajibu. "Nyaya ni nzima. Kosa liko kwenye programu. Kitufe chekundu cha kuzimia kinapitisha umeme muda wote, kinaukata kikibonyezwa. Wewe umeliambia sanduku liendelee pale tu umeme usipokuwepo."

"Mimi nimesoma ng'ambo. Wewe umesoma wapi?"

"Hapa hapa, kwako."

Safari hii meneja ndiye aliyecheka. Mkufunzi aligeuka rangi. Badala ya kusahihisha agizo moja, akang'oa kitufe chekundu na kuweka cha aina nyingine, kinachopitisha umeme pale tu kinapobonyezwa. Mota ikanguruma. Watu wakapiga makofi.

Nilijua amefanya nini. Kwa kitufe cha mwanzo, waya ukikatika, mashine inasimama yenyewe. Kwa hiki chake, waya ukikatika, utabonyeza mpaka kidole kiumie na mkanda utaendelea kukimbia. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Nilimdharau kiasi kwamba nilitaka aumbuke mwenyewe, siku nyingine, mbele ya watu wengi zaidi. Akafunga sanduku lake, akapanda gari moshi, akaenda zake.

Hazikupita siku nyingi. Panya wa mbegu za pamba hula kila kitu, na waya wa kitufe kile waliula. Mama mmoja mtu mzima niliyezoeana naye, aliyekuwa akifagia mbegu zilizomwagika chini ya mkanda, kanga yake ikanaswa, ikamvuta mkono. Mwenzake akabonyeza kitufe chekundu. Akabonyeza tena huku akipiga kelele. Mimi nilikimbia nikavuta swichi kubwa ya umeme, kiwanda kizima kikazimika. Vidole viwili vilikuwa vimekwenda.

Mchana ule ule nilirudisha kitufe cha zamani na kubadilisha agizo ndani ya sanduku. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Ndiyo programu yangu ya kwanza. Mkufunzi, alipotakiwa maelezo, aliandika kwamba kosa ni la panya na la mavazi ya mfanyakazi. Pamoja na barua hiyo akatuma vyeti vyetu, vimetiwa sahihi kwa wino wa kijani. Nasikia alipandishwa cheo.

Nilikwenda hospitali kumwona yule mama.

"Shikamoo, mayu," nikamwamkia, nikimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Hivi kile kitufe kilikuwa kibovu?"

"Hapana. Kilifungwa vibaya. Nami nilijua."

Akaniangalia. "Ulijua lini?"

"Siku ile watu walipopiga makofi."

Hakunitukana. Aliusogeza mkono uliofungwa bandeji upande wa ukutani, akaniomba nimmiminie uji. Nikammiminia, akanywa wote, akasema amechoka anataka kulala.

Alirudi kazini pamba ya msimu uliofuata ilipoanza kuingia, akapewa kazi ya kushona midomo ya magunia. Wakati huo mimi ndiye niliyeachiwa sanduku, na wale waliocheka nikifuta ubao walikuja kuniuliza. Niliwafundisha, bila upole mwingi. Yule mama tulisalimiana kila asubuhi getini. Zamani, siku za mapumziko, alikuwa akinialika kwake tule michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Hakunialika tena.