Fundi, Bodi ya Zamani na Skrini Iliyobaki Nyeusi

Kulikuwa na taa ndogo, ukubwa wa punje ya mtama, iliyokuwa ikipepesa kwenye uso wa sanduku la kompyuta. Mwandishi wa makala haya aliitazama kwa dakika kadhaa, macho yake yote mawili yakiwa mazima, kisha akaandika neno moja katika daftari lake: "Imekufa." Hakuuliza maana ya taa ile. Hata haikumpitia akilini kwamba ilikuwa na maana.

Ni saa nne na dakika arobaini, Alhamisi asubuhi. Katika chumba cha uchapaji cha shule ya sekondari ya wanafunzi wasioona, fundi wa kompyuta mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja ameketi sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye kabati la karatasi. Kiganjani mwake mna prosesa ya zamani, kile kijibamba cha mraba kinachofanya mahesabu yote ya kompyuta. Nyingine, mpya zaidi, imo ndani ya sanduku, imechomekwa kwenye bodi, ule ubao mkuu unaounganisha sehemu zote za kompyuta. Skrini ni nyeusi tititi.

"Nimeiua," anasema kwa sauti ya chini. "Nimeiua bodi ya watu."

Wanaomfahamu humwita Bisibisi. Aliingia katika kazi hii kwa mlango wa nyuma, akiwa mpigachapa wa ofisi. "Siku kompyuta ya bosi ilipozima, nilimwomba aniachie niifungue. Akaniambia, 'Ukiiharibu, unarudi kwenu.' Sikuiharibu, ikapona. Lakini miezi miwili baadaye nafasi za wapigachapa zikafutwa, nikarudi kwetu vilevile."

Kwa miaka kumi na miwili sasa amekuwa akifanya kazi katika chumba cha mita mbili kwa tatu, juu ya duka la vifaa vya shule. Swali analoulizwa kuliko yote ni moja: je, bodi yangu ya zamani inaweza kubeba prosesa mpya?

"Mtu akiona miguu ya prosesa imeingia kwenye matundu, anadhani ndoa imeshafungwa," anasema. "Kuingia ni jambo moja, kukubaliwa ni jambo jingine. Bodi ina programu yake ndogo ndani, na hiyo ndiyo inayoitambua prosesa au kuikana."

Kwa hesabu yake, kati ya watu kumi wanaomjia na prosesa mkononi, wanne huwa wamenunua isiyopatana na bodi yao. "Hawaulizi kwanza. Wanakuja wameshanunua. Nikiwaambia haiendi, wananitazama kana kwamba nimewaroga."

Hapa shuleni alikuwa ameuliza kwanza, au ndivyo alivyoamini.

Mashine ya shule ya kuchapa maandishi ya nukta nundu ina umri wa miaka kumi na tisa. Huwasiliana na kompyuta kwa kebo nene yenye kichwa kipana, na tundu la kichwa hicho ni nadra mno katika kompyuta za siku hizi. Vibadilishio vitatu vya dukani vilijaribiwa. Mashine ikatoboa karatasi ovyo. Kwa hiyo bodi ile ya zamani, yenye tundu hilo, haikuwa na mbadala. Lakini programu mpya ya kugeuza hesabu kuwa nukta nundu iliielemea prosesa yake, kiasi kwamba karatasi moja ya mtihani ilichukua nusu siku kutayarishwa.

Watahiniwa thelathini na saba walikuwa waanze mtihani wa mwisho wa mwaka Jumatatu. Mwaka juzi mashine ilipokwama, walisomewa maswali kwa sauti.

"Jedwali la takwimu lilisomwa kama hadithi," anakumbuka mwalimu wa uchapaji, mzee wa miaka hamsini na minane ambaye naye haoni tangu ujana wake. "Tisa walifeli hesabu. Watatu kati yao hawakurudi shuleni tena."

Fundi alikuwa amepitia orodha ya mtengenezaji wa bodi na kuiona prosesa mpya imetajwa humo, kwa sharti kwamba programu ya bodi ihuishwe kwanza, yaani iwekewe toleo jipya. Akamwambia mwalimu, "Niachie saa moja tu."

Asubuhi hiyo aliihuisha programu, akaweka prosesa mpya, akawasha. Skrini nyeusi. Akairudisha ile ya zamani, iliyokuwa ikifanya kazi saa moja iliyotangulia. Skrini nyeusi.

"Moja ikikataa, tatizo ni prosesa," alisema bila kumtazama mtu. "Zikikataa zote mbili, tatizo ni bodi."

Kwa mwandishi, hoja hiyo ilionekana haina pa kupingwa. Fundi aliiweka ile mpya kwa mara ya mwisho, pasipo matumaini, akabonyeza kitufe, akaketi chini. Hapo ndipo taa ndogo ilipokuwa ikipepesa.

Katibu muhtasi wa shule anachungulia mlangoni.

"Fundi, tulikuita utengeneze, mbona umekaa kama uko msibani?"

"Dada, niache kwanza."

"Nikuache vipi, na mkuu ananiuliza kila dakika tano? Nimwambie nini?"

Fundi anaigeuzageuza prosesa kiganjani. Mwalimu wa uchapaji anaingia, mkono mmoja ukiifuata kingo ya meza hadi kwenye kiti chake.

"Mwanangu, mbona kimya?"

"Mwalimu, nisamehe. Imekufa."

"Nani kakwambia?"

"Skrini ni nyeusi."

Mwalimu anacheka taratibu. "Kwangu ni nyeusi mwaka wa thelathini na nane huu, na kazi nafanya. Spika ziko wapi?"

"Nilizichomoa nilipofungua sanduku. Lakini Mwalimu, spika za nini sasa?"

"Feni inazunguka, naisikia. Diski nayo inakwaruza, inasoma kitu. Maiti hasomi, mwanangu. Nipe spika."

Fundi anainuka, anazichomeka. Mwalimu anabonyeza kitufe kimoja cha kibodi, na kutoka kwenye spika mbili zilizopasuka pembeni inatoka sauti kavu ya programu inayomsomea kila kilichoandikwa: "Weka neno la siri."

Katibu muhtasi anapiga ukelele na kuzidondosha funguo zake. Fundi amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Mwandishi anatambua kwamba amesimama, bila kukumbuka ni lini aliinuka.

"Mnashtuka nini?" anauliza mwalimu, vidole vikiwa tayari vinaandika. "Hebu nipisheni, mnaniziba mwanga."

Dakika nne baadaye mashine ya nukta nundu inaanza kugonga. Mwalimu anapapasa ukurasa wa kwanza mstari kwa mstari, kisha anatamka: "Jedwali limekaa sawasawa."

Maelezo yalipatikana jioni, fundi alipousoma ukurasa wa mtengenezaji mpaka chini kabisa. Nafasi ya kumbukumbu ndani ya bodi ni finyu. Ili izitambue prosesa mpya, programu mpya huzifuta kadhaa za zamani. Ile ya mwanzo haikuwa mbovu, bali bodi haikuijua tena. Prosesa mpya nayo ilikubaliwa tangu mara ya kwanza, na ile taa ndogo ilikuwa ishara kwamba diski inasoma, ila ni ya aina isiyoweza kutengeneza picha bila kadi ya ziada. Aliagiza kwa simu ile yenye uwezo huo; muuzaji akampa isiyo nao, naye hakuikagua vya kutosha.

"Weusi ulikuwa mmoja, sababu zilikuwa mbili," anasema, akitikisa kichwa hadi leo. "Miaka kumi na miwili, na nilikuwa nafunga mkoba niondoke. Wale watoto wangesomewa tena jedwali kwa mdomo. Nikiliwaza, usingizi unaniruka."

Uchapaji ulikamilika Jumapili mchana. Watahiniwa wote thelathini na saba walisoma mtihani wao kwa vidole vyao wenyewe. Fundi alijitolea kuleta kadi ya picha bila malipo, mwalimu akamuuliza, "Ya kumwonyesha nani?" Skrini ikahamishiwa ofisini kwa katibu muhtasi.

Sasa fundi anaandaa orodha ya bodi za zamani zinazotumika katika shule na ofisi za mji wake, kila moja na prosesa inazozikubali, inazozisahau baada ya kuhuishwa, na zile zinazohitaji kadi ya picha. Amefikia bodi sitini na moja. Anakusudia kuirekodi kwa sauti pia, ili yeyote aweze kuuliza kabla ya kununua. Mwalimu wa uchapaji amekubali kuisoma.

Tangu Alhamisi ile, hamgusii mteja kompyuta kabla ya kumaliza maelezo yote ya bodi husika, pamoja na yale ya maandishi madogo ya chini. Kazi iliyokuwa ikichukua saa moja sasa inachukua siku nzima, na wateja wawili wamechoka kusubiri wakamhama.