Fundi Hupanda Kwanza

Nyamoita hakuwahi kupanda boti, na hakuona sababu ya kupanda. Kibanda chake cha kutengeneza pikipiki kiko Suneka, nyuma ya soko, na maji makubwa kuliko yote aliyoyajua ni ya mto Gucha wakati wa mvua. Ufundi aliuingia kwa hasira. Alikuwa amenunua pikipiki ya kukodisha, na kila ilipopelekwa gereji ilirudi na vipuri vibovu vya pikipiki za watu wengine. Akaanza kwenda kukaa na kutazama, kisha akaanza kuuliza. Kufikia wakati mafundi walipochoka naye, alikuwa ameshaijua kazi.

Nyamoita alimfahamu Zilpa kupitia omena, dagaa wa ziwani. Kila siku ya soko alitoka upande wa Homa Bay na magunia yake, na akimaliza kuuza aliketi kibandani kwa Nyamoita kungoja gari la kurudi. Siku moja alikuja bila omena. Alikuja na injini ya boti, ndogo na kuukuu, ya silinda moja, ikiwa imefunikwa gunia kama mgonjwa.

Alieleza kwamba ilizima katikati ya ziwa na haikuwaka tena. Calvince, mwanawe aliyeiendesha, alirudi kwa kupiga kasia. Fundi wa ufuoni alisema kiboksi kinachoiamuru plagi itoe cheche, kile ambacho mafundi hukiita CDI, kimekufa. Kipya cha injini ya aina ile kingeagizwa kutoka nje, kwa bei iliyokaribia ya injini nzima. Na kulikuwa na mnunuzi aliyeitaka boti. Angekuja Jumapili kusikia jibu.

"Nikiuza boti nitakuwa nanunua omena ya mtu mwingine ndiyo nije niwauzie nyinyi," Zilpa alisema. "Hapo ndipo mtajua bei."

"Kwa hivyo umekuja kunitisha," Nyamoita akajibu, huku akilifungua gunia.

Alitoa plagi, akaigusisha kwenye chuma cha injini na kuvuta kamba ya kuwashia. Haikutoa cheche. Alibadilisha plagi, akapima koili na nyaya zote, maana aliwajua watu wanaolaumu kiboksi kabla ya kuangalia waya uliokatika. Lakini fundi wa ufuoni alikuwa amesema kweli.

Wazo la kutumia CDI ya pikipiki lilikuwa lake. Ya kwanza, ya bodaboda za kawaida, haikufanya lolote, na alihangaika nayo hadi mchana kabla ya kutambua kwamba ile hulishwa na betri. Injini ya Zilpa haikuwa na betri. Ilipata umeme wake kutoka kwa sumaku inayozunguka kamba inapovutwa. Alihitaji CDI ya pikipiki za zamani, zile zinazowaka hata betri ikiwa imekufa. Aliipata Keumbu kwa Machogu, muuza vyuma chakavu, ambaye alikubali kulipwa kwa omena.

Ijumaa aliitundika injini kwenye fremu ya chuma ya pikipiki iliyokufa, akaitumbukiza pangaboi yake ndani ya pipa la maji, na kukifunga kiboksi kwa bolti kwenye fremu hiyohiyo. Injini ikaunguruma. Watu wa soko walikusanyika, na mmoja akasema Nyamoita anakwenda Uganda kwa pipa. Yeye hakucheka. Aliiacha ifanye kazi hadi kiboksi kikapata moto, kwa sababu alijua viboksi vibovu hufa vikipata joto. Hakikufa. Akaizima na kufunga kibanda kabla jua halijatua na Sabato kuingia.

Jumapili asubuhi walikuwa ufuoni. Nyamoita alikifunga kiboksi kwenye ubao wa nyuma wa boti, juu ya kipande cha bati kilichopigiliwa hapo hadi chini ya vibano vya injini, lakini mbali na joto lake. Wanaume wanne waliishikilia boti, kwa kuwa injini ile haikuwa na gia ya kutulia; ikiwaka, inasukuma. Iliwaka kwa mvuto wa kwanza. Ikazimwa. Nyamoita alikuwa akikusanya spana zake Calvince alipomnyooshea jaketi la kuokolea.

"Huku kwetu fundi hupanda kwanza," alisema. "Akirudi, sisi wengine tunapanda bila wasiwasi."

"Na asiporudi?"

"Tunatafuta fundi mwingine."

Wanaume walicheka. Mnunuzi alikuwa amesimama kando ya nyavu, mikono mfukoni. Zilpa alikuwa ameshaingia botini, leso kiunoni, akimtazama. Nyamoita alilivaa jaketi, akatia bisibisi na koleo mfukoni, na kupanda.

Mwanzoni alishika kingo kwa mikono miwili na kusikiliza. Mlio ulikuwa mzuri. Ufuo ulirudi nyuma hadi watu wakawa vijiti. Kisha injini ikakohoa mara mbili na kunyamaza.

Calvince alivuta kamba mpaka jasho likamtoka. Upepo ulitoka nchi kavu na kuisukuma boti kwenye maji wazi. Zilpa alishika kasia la pekee lililokuwamo, lakini ufuo haukukaribia.

"Nilikwambia, mama," Calvince alisema. "Kitu cha pikipiki ni cha barabarani. Pikipiki ikizima unasukuma. Hii utasukuma ukiwa umesimama wapi?"

Nyamoita alikigusa kiboksi. Kilikuwa baridi, kwa hiyo haikuwa joto. Alitoa plagi na kumwambia Calvince avute. Hakukuwa na cheche. Kwa kitambo hakuweza kufikiri lolote isipokuwa kina cha maji chini ya mbao. Ndipo akajiuliza ni nini kilichokuwa Suneka ambacho hapa hakipo.

Chuma. Pikipiki ni chuma tupu, na kitu ukikifunga popote kwenye fremu kimeshapata njia ya kurudishia umeme. Hakuwahi hata siku moja kuifikiria njia hiyo. Boti ilikuwa ya mbao. Kiboksi kilishikamana na injini kwa kipande cha bati chenye kutu, na mtikisiko ulikuwa umekilegeza. Aliweka bisibisi, ncha kwenye bolti ya kiboksi na shingo kwenye chuma cha injini.

"Vuta."

Cheche ikaruka.

"Kosa ni langu," alisema. "Si la kiboksi."

Zilpa hakuacha kasia. "Linarekebishika, ama nianze kuomba?"

"Omba huku ukipiga kasia."

Alihitaji waya, na nyaya zake zote zilibaki ufuoni. Aliangalia injini, kisha akakata waya wa kitufe cha kuzimia. Calvince aliuliza sasa injini ingezimwa na nini. Nyamoita alimwambia wangefunga petroli, na ikimaliza iliyobaki kwenye kabureta ingezima yenyewe.

"Inachukua muda gani?"

"Sijui. Tutajua ufuoni."

Alimenya ncha za waya kwa meno, moja akaibana chini ya bolti ya kiboksi, nyingine kwenye injini. Akarudisha plagi. Injini iliwaka kwa mvuto wa pili, na Calvince akaigeuza boti kuelekea ufuoni.

Calvince alifunga petroli wakingali mbali. Injini haikujali. Vijiti vikawa watu tena, wanawake wakiosha sufuria ndani ya maji, na Zilpa akasimama akiwapungia leso wahame. Waliinua sufuria na kukimbia. Injini ilipandisha sauti ghafla, ikakohoa, ikazima. Boti iliteleza yenyewe hadi mchangani.

Mnunuzi alikuja hadi ukingoni na kuuliza ni nini kilichotokea kule. Zilpa alimgeukia Nyamoita.

"Wewe ungeuza?"

"Ningeweka waya mzima na kitufe cha kuzimia. Halafu ningeijaribu tena, mbali zaidi."

"Na nani atapanda?"

Nyamoita alikuwa ameketi ukingoni mwa boti, miguu majini, tayari anamenya waya mpya. Jaketi hakuwa amelivua.

Zilpa alimwambia mnunuzi aende salama.