Kakichwa ka Prise Hakapunguze Courant

Ikala kwanza, mwanangu. Iko siku moja hainitoke kichwani. Nilikuwa kijana kama weye, sijaolewa, nikiishi Beni kwa dada yangu mukubwa. Mutoto wake, Masika, alikuwa na asthme, ile pumu. Ikimushika, kifua kinalia fii, fii, unasikia mupaka inje. Basi shangazi yetu mwenye anaishi Amerika akatutumia mashini yenye kugeuza dawa kuwa moshi, mutoto anavuta, kifua kinafunguka. Tulishukuru Mungu! Lakini fiche yake, ile ya kuingiza mu umeme, ilikuwa na miguu bapa, haikuingia mu prise, matundu ya ukuta ya kwetu.

Njo tukaenda nayo Butembo, kwa muchuruzi mumoja wa vitu vya umeme. Akatutolea adaptateur, kale kakichwa ka kuunganisha miguu ya kigeni na prise ya huku.

Dada akamuuliza: "Na nguvu ya courant, ya umeme, je? Ya Amerika na ya kwetu iko sawa?"

"Aa, mama! Courant ni courant. Tazama." Akaingiza mashini, ikazunguka vizuri. "Si unaona?"

Tuliona, ndiyo. Hatukujua kama ile saa courant ya soko ilikuwa zaifu, juu maduka yote ilikuwa inavuta kwa line moja. Hata ampoule, taa yake, ilikuwa nyekundu tu. Yeye alijua! Alikuwa anafanya kazi mule kila siku. Bazee banasema kuuliza si ujinga, na dada yangu aliuliza. Mwenye kosa ni mwenye alijibu.

Siku ya Mungu, tukijitayarisha kwenda misa, asthme ikamushika Masika. Beni courant ilikuwa na nguvu yake yote. Dada akamuvalisha mutoto masque, akaingiza fiche. Mashini ikanguruma, pah! Moshi mweusi, harufu ya plastic, na mutoto anaivuta! Dada akamunyanganya ile masque, tukapanda moto, pikipiki, na mashini mu mikono, mupaka hopitali. Bakamuwekea oxygène. Muganga akageuza mashini, akatuonyesha kwa kidole: "Hapa banaandika volti 120. Ya kwetu ni 220." Masika alipona, ni huruma ya Mungu tu.

Kisha mukaka wetu akasikia. Mukaka ni mama ya mama yetu, mulimaji wa Vuhovi, hakuogopaka mutu. Akatia ile mashini ya kuungua mu kitunga, akaniambia, "Twende." Kufika Butembo, muchuruzi kuona tu ile mashini nyeusi mu kitunga, akafungua tiroir, sanduku yake ya franga.

"Mukaka, tusigombane. Kamata franga zako."

"Franga! Mutoto wetu alikuwa anakufa, weye unanionyesha franga? Funga hiyo tiroir. Mbele ya hawa batu bote, sema hako kakichwa kanafanya nini."

Akacheka, akatazama baclient. Hakuna mwenye alicheka naye. Mukaka akaweka mashini juu ya meza, akajishika kiuno, hakusogea. Njia ya mwongo iko fupi, mwanangu. Yake iliishia pale.

"Kanabadilisha miguu tu," akasema kwa sauti ya chini. "Courant, hakapunguze."

"Sema nguvu! Bale ba nyuma habasikie."

Akarudilia. Mama mumoja mwenye kubeba mutoto mu mugongo, alikuwa amelipa sasa hivi, akatoa kakichwa kake mu saki, akakaweka mezani. "Na mimi nilikuuliza," akamuambia.

Na mupaka leo bangali banauzisha vile vile! Bandugu banashuka Mavivi, kwa uwanja wa ndege, na zawadi, na huku batu banabaambia kakichwa kanatosha. Hapana! Usisadiki kitu juu kinawaka mu duka. Geuza mashini, ao chargeur yake, tafuta fasi banaandika INPUT. Ukikuta 100-240, itakubali courant ya kwetu, adaptateur peke inatosha. Ukikuta 110 ao 120 peke yake, usiingize kabisa bila transfo, ile mashini ya kupunguza 220, na watt za transfo zizidi za mashini. Hujui kusoma? Uliza mwenye anajua, lakini hapana mwenye anataka kukuuzisha. Na siku weye utakuwa na duka, mutu akikuuliza, jibu kweli. Hujui kama nyumbani kwake nani anangojea.

Nenda, mwanangu. Nyamuhanga, Mungu wetu, akupe macho ya kutazama vizuri na kinywa cha kweli, na pumuzi ya batoto bako isikatike hata siku moja juu ya uongo wa mutu.