Pengo la Leonsi

Nakumbuka, mwanangu, mwaka ambao gari la sinema la serikali lilifika kwetu Nyarubungo mara nne, na ningependa kukumbuka mara tatu tu.

Jana nilikuona ukimsomea jirani ujumbe wa simu. Uliruka maneno, ukaongeza ya kwako, ukageuka pembeni kucheka. Sikukusema mbele yake, maana aibu ya mtoto ni ya mzazi. Leo tuko wawili. Weka hiyo simu chini unisikilize.

Ulikuwa wakati wa vijiji vya ujamaa. Tulikuwa tumehamishwa kutoka kwenye migomba yetu, tukapangwa kando ya barabara, nyumba kwa mstari kama mahindi ya shamba la shule. Wazee wengi walijua Kisubi chetu tu. Kiswahili kilikuwa cha shuleni, sokoni na ofisini, na mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba. Basi jioni ya kwanza dereva alipotundika shuka kubwa kwenye ukuta wa ghala la pamba, akauliza nani atawatafsiria wazee, nilisimama kabla hajamaliza kuuliza. Wanasema mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi niliwaambia, na utamu wa kusikilizwa na watu wazima ulinilevya kuliko pombe ya rubisi.

Sinema ya kwanza ilikuwa ya kilimo cha pamba, na kwa kweli ilinichosha. Bwana shamba alipima nafasi kati ya mche na mche kwa kamba, akamaliza, akapima tena. Nikaona wazee wanasinzia, nikasema bwana huyu amegombana na mkewe, ndiyo maana hataki kurudi nyumbani. Wote wakaamka. Ya pili ilikuwa ya mzungu mmoja asiyesema neno, kila akiinuka anatumbukia kwenye pipa la chokaa. Hiyo niliipenda mno, kwa kuwa ukimya wake ulinipa nafasi. Nilimtia mdomoni maneno ya mwenyekiti wetu wa kijiji, na mwenyekiti mwenyewe akacheka mpaka akajifuta machozi. Ya tatu ilikuwa ya Kihindi. Sikujua hata neno moja, usinicheke. Nilimwona mwanamke analia kisimani, nikatunga kwamba ameibiwa mtoto. Kijiji kizima kikalia, na mimi nikalia nao kwa uongo wangu mwenyewe.

Jioni ile Mama Leonsi alinishika mkono. Alikuwa mjane, nyumba yake imepakana na yetu, na mtoto wake alikuwa mmoja tu, huyo Leonsi, niliyesoma naye. Akaniambia, "Shule imekufaa, mwanangu. Bila wewe sisi ni viziwi." Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa.

Kisha vita vikaja. Leonsi alikuwa mgambo, akaitwa pamoja na vijana wengine, wakapakiwa kwenye lori. Barua yake moja ilifika, nikamsomea mama yake mara tano. Baada ya hiyo, kimya. Kila asubuhi nikimwamkia Mama Leonsi shikamoo, aliitika marahaba huku macho yake yako barabarani.

Gari la sinema likarudi mara ya nne, na safari hii lilileta sinema ya vita. Hakuna aliyecheka. Tuliona mizinga, tukaona matope, tukaona malori yamejaa askari. Mimi iliniogopesha, na nilitamani mzungu wa chokaa arudi. Katika lori moja kijana akageuka, akatuchekea, meno yake yote meupe kwenye shuka. Mama Leonsi akainuka. "Yule si Leonsi? Sauti inasemaje?"

Sauti ya sinema ilikuwa imesema tu kwamba vijana wetu wanaelekea mpakani. Haikutaja jina la mtu. Lakini watu wote walinigeukia, na yule mama alikuwa ananitazama kama mgonjwa anavyomtazama daktari. Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Nikasema, "Sauti inasema huyo ni Leonsi wa Nyarubungo. Ni mzima, na anamsalimu mama yake."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Leonsi aliketi taratibu, akafunika uso kwa kanga.

Haikupita wiki ya tatu, mwenyekiti akaja kwake na watu wawili wa wilayani, kofia mikononi. Leonsi alikuwa amekufa, na alikufa kabla hata gari la sinema halijaja. Mama Leonsi aliwasikiliza, akawakaribisha viti, akawaambia, "Nendeni mkaulize vizuri. Sauti ya serikali imesema ni mzima. Kijiji kizima ni shahidi."

Kwetu msiba hukaliwa juu ya nyasi zilizotandikwa ndani ya nyumba. Majirani walileta nyasi, akazitupa nje. Wakakaa uani siku mbili, wakachoka, wakarudi mashambani. Yeye alifagia chumba cha Leonsi, akamwekea chakula kila siku, na kila siku chakula kikaliwa na kuku. Nami nilikuwa nikitazama hayo kupitia dirisha letu. Nilijua dawa yake iko mdomoni mwangu, na sikuitoa. Miezi miwili, mwanangu. Niliogopa watu wangeniitaje.

Mwishowe nilikwenda. Nilipiga magoti mlangoni, nikamwambia sauti haikumtaja Leonsi, ni mimi niliyemtaja. Nilingoja anipige, na ningeshukuru. Aliendelea kuchambua maharage yake.

"Leonsi ana pengo la jino la mbele," akasema. "Alianguka kwenye mpera, mkiwa darasa la tatu. Yule wa kwenye shuka alikuwa na meno yote. Niliona."

Nikainua uso kumtazama.

"Macho yangu yalikataa, nikayanyamazisha. Nikasema huyu amesoma, hawezi kunidanganya mbele ya kijiji kizima." Akaweka ungo chini. "Sasa nenda ukaniletee nyasi."

Nilikata nyasi mpaka mikono ikachanika. Nikazitandika, tukakaa msiba wa Leonsi sisi wawili tu, maana wengine walikwishamlia wakamaliza. Aliomboleza kwa sauti ambayo bado naisikia nikiona shuka limeanikwa.

Basi shika haya. Anayekuomba umsomee amekukabidhi macho na masikio yake, na mtu wa namna hiyo ukimdanganya hana pa kuhakikishia. Neno usilolisikia, usilitafsiri. Huruma nayo isikudanganye, maana uongo wangu ulikuwa wa huruma, ukamnyima mama msiba wa mwanawe.

Mungu akupe wepesi wa kusema "sijui", na wasiosoma wasikujutie kamwe. Sasa inuka, rudi kwa jirani, ukamsomee ujumbe wake upya.