Siku Ardhi Ilipotikisika na Hina Yangu Haijakauka

Wiki ile ya harusi yangu nilijiona msichana mtulivu kupita wote mjini Unguja. Nilikuwa nimetiwa ndani, katika chumba cha juu cha nyumba yetu ya Mkunazini, nikisingwa, nikisuguliwa mwili kwa singo na liwa za kunukia, asubuhi na jioni mpaka nikageuka rangi ya embe bivu. Somo wangu, mtu mzima mwenye mwili wa haja aliyekwisha kuwafunda nusu ya wari wa mtaa, alikuwa akinifundisha adabu za biharusi: kuinamisha macho, kusema kwa sauti ya chini, kucheka bila ya meno kuonekana, na kutembea kama mtu aliyebeba maji kichwani. Mimi nilijiona nimeshahitimu. Akitoka chumbani nilikuwa nikisimama mbele ya kioo cha kabati, nikiinamisha macho, kisha nikiyainua kidogo nione kama nimeyainamisha vizuri.

Siku yenyewe, baada ya sala ya alasiri, Mama alikuwa juu jikoni. Chini mlangoni, pale dakani wanapokaribishwa wageni wanaume, Baba alikuwa na mgeni wake, naye ni baba wa mchumba wangu, aliyekuja kuzungumza habari za karamu. Mzee huyo sikupata kumwona hata mara moja. Niliambiwa ni mtu wa heshima zake, haba wa maneno, na kwamba watoto wake mwenyewe hunyamaza wakipita mbele ya mlango wake. Somo alinionya kuwa siku nitakapopelekwa kumwamkia, hata pumzi yangu asiisikie.

Somo alikuwa amenipaka hina mikononi na miguuni, mbichi, nzito kama udongo wa mfinyanzi. Nimelala chali juu ya mkeka, kanga moja kifuani, nywele zimefumuliwa zimerowa mafuta, viganja nimevielekeza juu kama mtu aombaye dua. Somo akanambia nisitikisike mpaka ikauke. Nikamjibu, kwa ile sauti ya chini niliyokuwa nikijisifia, kwamba hata nyumba ianguke mimi sitikisiki.

Kwanza zililia sahani. Mama alikuwa na sahani za kichina alizozipanga kwenye vidaka vya ukutani, nazo zikaanza kugongana polepole, kama watu wanaonong'onezana. Kisha ukaja mngurumo kutoka chini, mfano wa mapipa yanayobingirishwa. Nikamwambia somo kuwa ni lori la karafuu linapita. Nilisema hivyo kwa uhakika mkubwa, ingawa mtaani petu hapiti hata punda aliyenona bila ya kusugua mbavu ukutani. Vumbi la chokaa likatumwagikia kutoka kwenye boriti, likaganda juu ya liwa yangu, na kitanda cha samadari kikasogea peke yake kutoka ukutani.

"La ilaha illallah," akasema somo, akaanza kuinuka. Kuinuka kwake kulikuwa ni kazi ya hatua kwa hatua: kwanza mkono, kisha goti, kisha kupumzika.

Ningependa kueleza hapa kwamba nilimshika mkono nikamsaidia. Nilimruka. Ngazi za nyumba zetu ni za kusimama wima na wanawake huzishuka ubavu ubavu, wameshika kamba. Mimi nilizishuka kama maji ya ndoo, na kila kidato nikakiachia unyayo wa hina.

Chini vumbi lilikuwa limetanda, na mlangoni kasimama mtu mwenye kanzu nyeupe na koti lililo wazi kifuani, kashika mwimo wa mlango. Nikamvamia. Nikamkamata kifuani kwa mikono miwili nikajibanza kwake.

"Baba, usiniache," nikasema.

"Sikuachi, mwanangu," akanijibu. "Nishike hapo hapo."

Sauti haikuwa ya Baba. Hilo nililisikia, lakini nikafikiri kuwa hofu imembadilisha. Tukatoka nje pamoja, mimi nimemng'ang'ania, na tulipofika njiani ardhi ikawa imeshatulia. Watu walisema baadaye kuwa mtikisiko wote haukuzidi muda wa kusoma Alhamdu, na mtu asome kwa haraka.

Hapo ndipo nilipomwona Baba. Alikuwa upande wa pili wa njia, juu ya baraza ya jirani, miguu mitupu, kalikumbatia dele, birika letu la kahawa. Katika kila kilichokuwamo nyumbani mwake, pamoja na mkewe na mimi, alichookoa ni dele. Akanitazama mimi, akamtazama niliyemshika, uso ukamwiva. Nami nikainua macho, ambayo kwa sheria za somo yalikuwa yainame, nikamtazama niliyemshika. Alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe ambaye sijapatapo kumwona.

Sikuhitaji kuambiwa ni nani.

Mtaa mzima ulikuwa nje. Mhindi muuza nguo wa pembeni alikuwa amekwisha kufunga duka lake kwa kufuli, akijipapasa anatafuta ufunguo, na kutoka ndani mkewe anamwita. Wengine walikuwa wakisema kuna meli imeripuka bandarini, wengine ni mizinga ya serikali, na bibi mmoja dirishani akawaeleza kuwa ni yule ng'ombe aliyeibeba dunia, kaihamisha kutoka pembe moja kwenda ya pili. Lakini waliponiona mimi, wakaisahau meli na ng'ombe. Biharusi hatakiwi kuonekana hata na jua, na mimi nimesimama kati ya njia na kanga moja, manjano, nywele timtim, mikono na miguu inachuruzika wekundu. Wanaume wenye adabu zao wakageuza nyuso ukutani. Wasiokuwa nazo walichelewa kidogo.

Yule mzee akavua koti lake akanifunika kichwa mpaka magotini. Kisha akanipa mgongo, akasimama mbele yangu, akaanza kuwahutubia watu. Mtu huyo niliyeambiwa ni haba wa maneno alieleza kwa kirefu kuwa ile ni zilzala, kuwa aliwahi kuikuta nyengine safarini ujanani mwake, kuwa watu wamshukuru Mungu na wazitazame kuta zao kabla ya kuingia. Wote wakamgeukia yeye, nami nikawa nyuma ya mgongo wake, chini ya koti linalonuka udi, nikitamani ardhi itikisike tena, mara hii ifunguke.

Somo alitokea mwisho. Alishuka ngazi polepole, kajitanda kanga zake sawasawa, akavuka kizingiti kama mtu aliyebeba maji kichwani. Akanichukua ndani bila ya kunitazama.

Nililia mpaka magharibi. Nilikuwa na yakini kuwa harusi haipo tena. Tena mzee yule aliondoka kwa miguu, kutoka Mkunazini mpaka kwao, mtaa wa Malindi, na kifuani mwa kanzu yake iliyopigwa pasi kuna viganja viwili vyekundu, vidole vyote kamili. Akaenda hivyo hivyo msikitini. Tulisikia kuwa walipomuuliza alijibu tu kuwa ni mambo ya zilzala. Baba alipanda juu kuja kunikaripia, akaanza na habari za heshima ya nyumba, lakini Mama akamuuliza kwa upole kama kahawa ilimwagika, naye akashuka.

Asubuhi yake akaja mwanamke kutoka kwao bwana harusi, kabeba sinia lililofunikwa kitambaa. Nikajua ni vitu vyetu vinarudishwa. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maisha yangu ya ukapera, namna nitakavyozeeka chumba kile kile nikiwasomesha watoto Kurani, alipofunua sinia. Ilikuwa halwa, na kifurushi cha majani ya hina mabichi. Mama mkwe alikuwa ameuliza kama hina imeharibika, maana kwao uani upo mti wake.

"Na mzee kasema," akaongeza yule mwanamke, "mkono wa mtoto huyu ukishika, umeshika."

Basi nikaolewa. Mume wangu, aliyekuwa kazini kwenye ghala ya karafuu siku ile, alinihadithia jinsi alivyosimama imara kuwatuliza wenzake. Nilimsikiliza nimeinamisha macho. Baadaye mke wa mwenzake akanambia kuwa walimkuta baina ya magunia na ikabidi avutwe miguu. Mume wangu sikumuuliza. Nilimpa heshima ile ile ambayo baba yake alinipa mimi.

Miaka michache baadaye nilikuwa kwenye harusi Shangani, nimekaa na wanawake nisiowajua, na mmoja wao akawa anahadithia siku ya zilzala. Alisema kuwa Mkunazini, kwenye nyumba moja ya ghorofa, lilitoka jini la manjano, mikono na miguu ya damu, likamkamata mcha Mungu mmoja kifuani. Mzee akasimama nalo akalisomea mpaka likatulia. Ami yake alikuwepo, aliliona kwa macho yake.

Nikamuuliza lilikuwa na sura gani.

"Baya, dada," akasema. "Na nywele zake hivi."

Nikasema audhubillahi pamoja na wenzangu, nikachukua sambusa nyengine.