Baba wa Kuazima

Baba yangu alikuwa na sharti moja kuhusu mahari, na halikuwa ng'ombe. Alisema hawezi kumtoa binti yake kwa mwanaume asiye na baba wa kukaa naye uso kwa uso. "Mkigombana nitamshitaki kwa nani?" aliniuliza. "Kwa serikali?" Sisi Waha ndivyo tulivyo. Ndoa ni ya wazee wawili wanaoinamia mtungi mmoja wa pombe, kila mtu na mrija wake. Bwana harusi na bibi harusi ni kisingizio tu cha kuwakutanisha.

Tatizo ni kwamba mchumba wangu hakuwa na mzee. Alizaliwa Burundi, akavushwa mpaka mgongoni mwa mama yake kabla hajajua kutembea, na baba yake alibaki huko huko, chini ya udongo. Mama naye alifia kambini. Mchumba wangu alikulia kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ile ya zamani, na ilipofungwa wakahamishiwa kambi ya Kasulu, na hiyo nayo ilipofungwa mwishoni mwa 2012 akarudishwa Burundi, nchi aliyoijua kwa kusimuliwa. Mimi nilikuwa nesi mjini Kasulu. Tulijuana kabla hajarudishwa, siku alipomleta hospitali mwenzake aliyeanguka kutoka juu ya paa, wote wawili mafundi seremala. Mapema 2013 alirudi kupitia mpaka wa Manyovu, safari hii na hati ya kusafiria iliyogongwa muhuri, akaniambia amekuja kuoa. Nilifurahi mno. Habari ya baba haikunijia kabisa.

Ilimjia yeye. Enzi za Nduta alikuwa akitoroka kambini kwenda Kitahana, kijiji cha jirani, kulima vibarua kwa mzee mmoja mwenye migomba na maharage. Mzee yule na mkewe walizaa mabinti watupu, wote wakaolewa mbali, na kijana wa kambini aliyejua kushika jembe na kunyamaza walimpenda. Walimlisha mezani kwao. Kwa hiyo tukaenda Kitahana kumwomba mzee asimame kama baba siku ya mahari. Kuazima wazee si jambo geni; siku hizi watu mjini wanaazima mpaka mashangazi.

Mzee alitusikiliza akiwa anamenya muhogo. Kisha akamuuliza mchumba wangu, "Mnataka nisimame, au niwe?"

Mchumba wangu akajibu, "Uwe, mzee."

Mimi nilicheka. Nilidhani ni mzaha wa wazee.

Siku ya mahari alikuja Kasulu na koti la kuazima lililombana kwapani, mkewe nyuma yake na kapu la unga wa mtama. Msemaji wa upande wetu akamuuliza kama desturi inavyotaka: huyu kijana ni nani wako? Mtungi ulikuwa katikati, haujafunuliwa, na wajomba zangu walikuwa wanautazama kwa uchu. Mzee akasimama. "Ni mwana wanje," akasema kwa Kiha. Mwanangu. Akakaa, akainama, akavuta mrija, akampisha baba yangu naye akavuta. Baba akampa mkono. Tangu dakika ile mzee yule aliniita mkamwana, na aliniita hivyo kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kupata nafasi ya kulitumia neno hilo.

Baada ya hapo ikaanza kazi ya karatasi. Mtu asikudanganye kwamba harusi ni keki. Parokia ilitaka cheti cha ubatizo na barua ya kwamba hajaoa kwingine, na vyote viwili vilikuwa ng'ambo ya Manyovu, kwa padri ambaye simu yake ilipatikana akipanda kilimani. Matangazo ya ndoa yakasomwa kanisani Jumapili baada ya Jumapili, na kila yakisomwa "wa Burundi" kuna vichwa viligeuka. Kamati ikagombana juu ya rangi ya vitenge. Halafu kikaja kibali cha ukaazi. Kumbe mwanamke akimwoa mgeni, samahani, akiolewa na mgeni, yule mume huandikwa mtegemezi wa mkewe. Seremala mwenye mabega yale, mtegemezi wangu! Tulitaniana juu ya hilo kwa wiki nzima. Nilimwambia akinijibu vibaya namrudisha kwa padri wa kilimani.

Siku ya kwenda kuhojiwa uhamiaji, wazee wote wawili walisema watatusindikiza. Baba yangu alivaa suti. Mzee wa Kitahana alivaa lile koti, safari hii amelinunua kabisa. Hakuna aliyewaita, lakini ungemwambiaje baba abaki nyumbani?

Ofisa alikuwa kijana mpole aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine. Aliuliza maswali yake, akaandika, na karibu na mwisho akamsalimia mzee kwa heshima na kumuuliza yeye ni nani.

"Mimi ndiye baba yake," mzee akasema.

"Baba mzazi?"

"Baba kabisa."

Ofisa akanigeukia. "Na mumeo mtarajiwa alizaliwa wapi?"

Jibu lilikuwa limeandikwa kwenye kila karatasi iliyokuwa mezani. Nikasema, "Burundi." Nilisema ukweli, na ukweli wangu ukakaa kando ya neno la mzee, vikatazamana. Baba wa mtu aliyezaliwa Burundi ni nani, kama si Mrundi? Niliona kalamu ya ofisa ikisita. Nilielewa. Siwezi kusema sikuelewa. Lakini baba yangu alikuwa amekaa pembeni yangu na suti yake, na kumwambia ofisa kwamba mzee huyu ni wa kuazima kulikuwa ni kumwambia baba kwamba mkono alioupokea mbele ya mtungi ulikuwa wa maigizo. Nikatabasamu. Tukapewa risiti, tukaenda kunywa soda. Kijana yule hakutukosea kitu, aliandika alichoambiwa.

Harusi ilipendeza. Mzee wa Kitahana alicheza mpaka watu wakampisha uwanja.

Kibali kikatoka. Haukupita muda ikaja operesheni ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali, na huku kwetu Muha kumthibitishia mtu kwamba yeye si Mrundi ni kazi: lugha karibu moja, sura moja, hata pombe moja. Mzee akaitwa. Mashahidi wangepatikana, maana kaburi la baba yake liko nyuma ya migomba yake. Lakini kulikuwa na ile karatasi ya ofisa wa Kasulu. Aliulizwa kama ana mtoto aliyezaliwa Burundi. Akajibu, "Ninaye."

Mkewe alitupigia simu kwa simu ya jirani. Alikuwa anasema taratibu, kama asiyejali kwamba anammalizia jirani salio. "Mkamwana, njoo useme wewe. Wewe umesoma." Mume wangu alitaka kuondoka saa ile ile. Nilimzuia, nilimwambia kibali chake bado kibichi, akijipeleka pale watamchukua pia. Hilo lilikuwa kweli. Ila mimi sikuwa na kibali cha kuogopea. Mimi nilikuwa naogopa kupita nyumbani kwa baba, kumweka chini na kumwambia. Nikasubiri kesho, kesho ikaniletea zamu, zamu ikaniletea sababu. Nilipofika Kibondo lori lilikuwa limeshaondoka naye kuelekea mpakani. Huko Kitahana mama yule alikuwa amekaa kizingitini kwake. Alinipikia. Nilikula chakula chake, na sijawahi kuona haya kama siku ile. Wanasema shukrani ya punda ni mateke. Punda walau hapigi teke huku akitafuna.

Tulimtafuta. Mume wangu aliwapigia kila aliowajua ng'ambo, pamoja na padri. Tulisikia yuko kwenye tarafa moja, analima kwa watu. Kisha hatukusikia tena. Nikajifungua mtoto wa kiume, na baba yangu kila akija kumwona aliuliza, "Mwenzangu wa Kitahana mbona haji?" Nikasema anaumwa. Nilimuuguza mzee wa watu kwa mdomo mwaka mzima, mimi nesi.

Mwaka 2015 Burundi ikachafuka, watu wakaanza kuvuka, Nduta ikafunguliwa tena. Mimi nikapelekwa zahanati ya kambini kwa sababu ninaelewa wanachosema wagonjwa. Asubuhi moja nikamwita anayefuata, akaingia mzee aliyekonda, na kadi ya mgawo mkononi. Alikuwa ameandikishwa mkimbizi. Pale ni mwendo wa mguu tu kwenda kwake, na hakuruhusiwa kutoka bila kibali.

Nikamvutia kiti. Yeye akatabasamu. "Mkamwana. Nilisikia mna mtoto. Ni wa kiume?"

Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia wanaoandikisha kwamba yeye ni wa hapa. Akasema watu aliokuwa akiwalimia walipokimbia alikimbia nao, na mpakani kila mtu aliandikwa Mrundi, naye alishachoka kubishana. "Angalau nimefika karibu na migomba yangu," akasema. Mkewe alikuwa akija siku za soko, wakikaa pamoja kama wachumba, halafu kila mmoja akienda upande wake.

Jioni ile nilikwenda Kasulu nikamweleza baba yote. Mwishoni akasema, "Mimi nilitaka baba, na mlinipa baba. Mliyemdhulumu si mimi." Kesho yake akaanza kuwatafuta wazee wa Kitahana wa kutoa ushahidi. Yaani kitu nilichokiogopa miaka yote hiyo kilikuwa na uzito wa sentensi mbili.

Mashahidi walikuja, kaburi likaonyeshwa, mwenyekiti wa kijiji akaandika barua. Lakini ofisa aliyeshika jalada alisema yote hayo hayafuti kauli ya mzee mwenyewe. Lazima aikanushe, mbele ya yule aliyemwita mwanawe.

Mzee akakataa. "Nilinywa," alisema. "Mtu hatemi alichokunywa." Mume wangu akamwambia ni karatasi tu, mzee, moyoni mambo yanabaki vile vile. Mzee akamtazama kama mtu aliyemfunza kijana kulima na sasa anamwona kakata migomba. Nikapiga magoti. Nilimwambia mkewe anaumwa kifua, mvua imeanza, hakuna wa kumpandia maharage. Nililia, na nililia kwa ajili yangu pia, maana nilitaka arudi kwake nipate kulala. Alijua. Alinitazama akajua, na bado akaniinua.

Tukaingia ofisini. Ofisa akamuuliza kama huyu ni mwanawe. Mzee akamgeukia mume wangu, akamtazama usoni, akasema kwa Kiswahili, polepole, "Si mwanangu." Akaweka dole gumba kwenye wino. Mume wangu alitoka nje kabla karatasi haijakauka.

Mwezi uliofuata tulikwenda Kitahana kumsalimia, na sukari, na kitenge cha mama, na mtoto amevaa viatu vipya. Zamani mume wangu akifika pale hakubisha hodi. Alipitia nyuma moja kwa moja, akachukua jembe. Safari hii mzee alitutangulia mlangoni. Alikuwa amepata nafuu, shamba limepandwa.

"Karibuni, wageni," akasema. Akatutolea viti vya sebuleni, akavifuta kwa kitambaa. "Karibu, bwana seremala. Karibu, nesi."

Mtoto akamkimbilia, akamshika goti, akamwita babu kama tulivyomfundisha njiani. Mzee akamshika kichwa kwa upole, kama unavyomshika mtoto wa jirani, akamgeukia mume wangu. "Kijana wako ni mzima, bwana. Mungu amkuze."

Hakuwa na hasira hata chembe. Angekuwa na hasira ningeomba msamaha. Alikuwa amesema si mwanawe, na yeye ni mtu wa neno lake. Tukaletewa maji kwenye glasi za wageni, tukayanywa, tukaaga mapema.